Kumlea Mtoto wa Sungura Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha kilimo cha mimea, na labda msomaji atauliza sungura ameingiaje humu. Ameingia kwa sababu mbili. Kwanza, sungura hula majani yanayotoka bustanini na shambani, naye hurudisha mbolea nzuri. Pili, sungura wengi wachanga hufa kwa sababu ya mambo ya shambani: majani yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu, majani yenye sumu, na majani yaliyolundikwa mpaka yakapata joto. Basi mkulima anayetaka kumlea sungura hana budi kuyatazama majani yake kwa makini, kama anavyoitazama mbegu kabla ya kuipanda.

Siku hizi watoto wengi wa vijijini huomba kununuliwa sungura wa kufuga. Hili ni jambo jema. Mtoto anayemtunza mnyama mdogo hujifunza kuamka mapema, kupima chakula na kuangalia dalili za ugonjwa, na hayo yote yatamfaa atakapokuwa na shamba lake. Lakini mara nyingi sungura huletwa nyumbani siku ya gulio, na kabla ya gulio la pili amekwisha kufa. Mtoto hulia, na mzazi husema kwamba sungura ni wanyama dhaifu. Sivyo. Sungura aliyetunzwa vizuri aweza kuishi miaka minane, hata kumi. Wanaokufa mapema wengi huuawa na mambo machache yanayojulikana, nayo yaweza kuzuiwa bila gharama kubwa.

1. SUNGURA WA KUFUGWA SI SUNGURA WA PORINI

Katika Kiswahili twawaita wote sungura, lakini hawa ni wanyama wawili mbalimbali. Sungura wa porini huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, naye huachwa na mama yake amejificha katika nyasi. Mama humrudia kumnyonyesha, kisha huondoka tena. Kwa hiyo watoto wakimkuta amelala peke yake porini, wasidhani kwamba ametupwa. Wamwache hapo hapo. Akiletwa nyumbani mara nyingi hufa.

Sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, macho yamefumba. Macho hufumbuka baada ya siku kumi au kumi na mbili, na kiasi cha wiki tatu huanza kutoka katika kiota na kuonja majani. Mama yake humnyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kwa hiyo usishangae ukimwona jike amekaa mbali na watoto wake.

2. WAKATI WA KUNUNUA

Usinunue mtoto wa sungura ambaye hajatimiza wiki nane. Wauzaji wengine huleta sokoni wenye wiki nne au tano, maana wakiwa wadogo huonekana wazuri na hununuliwa upesi. Lakini wakati huo tumbo la sungura liko katikati ya kuacha maziwa na kuzoea majani. Ukimwondoa kwa mama, ukamsafirisha, ukambadilishia chakula, yote kwa siku moja, tumbo haliwezi kustahimili. Huanza kuhara, na baada ya siku moja au mbili amekufa.

Kabla ya kulipa, mchukue mkononi umtazame hivi:

Macho yawe maangavu, yasiwe na machozi wala utando. Pua iwe kavu. Ukiona manyoya ya miguu ya mbele yameshikamana kwa uchafu, ujue amekuwa akijifuta mafua. Ndani ya masikio pawe safi, pasiwe na magamba ya upele. Sehemu ya nyuma chini ya mkia iwe kavu; ikiwa imechafuka, huyo anahara, mwache. Meno ya mbele ya juu na ya chini yakutane sawasawa. Tena asiwe mnyonge: ukimweka chini atembee na kunusa huku na huku.

Mwulize muuzaji amekuwa akimpa chakula gani, na umwombe akupe au akuuzie chakula hicho hicho cha kutosha siku sita au zaidi. Neno hili dogo limeokoa sungura wengi. Sababu yake tutaieleza mbele.

3. SAFARI YA KUMLETA NYUMBANI

Mlete asubuhi mapema au jioni. Usimtie ndani ya gunia wala mfuko wa plastiki, wala usimfunge nyuma ya pikipiki juani. Sungura hana jasho la kumpoza kama letu. Joto lake hutokea zaidi kwa njia ya masikio na kwa kuhema. Jua la saa sita latosha kumwua katika safari fupi. Tumia kikapu chenye kifuniko, au boksi lililotobolewa matundu pembeni, utandike nyasi kavu chini. Safari ikiwa ndefu, simama kivulini umpe maji.

4. NYUMBA YAKE

Nyumba ya sungura iwe tayari kabla hajafika. Fundi wa kijijini aweza kuitengeneza kwa mbao au fito na wavu wa waya. Kwa sungura mmoja au wawili wadogo, urefu uwe futi nne, upana futi mbili, na kimo futi mbili. Iwekwe juu ya miguu yenye kimo cha futi tatu kutoka ardhini.

Sakafu iwe na sehemu mbili. Sehemu moja iwe ya wavu wa matundu ya nusu inchi, ili kinyesi na mkojo vidondoke chini. Sehemu ya pili iwe ya ubao, iliyotandikwa nyasi kavu, apate kupumzika. Sungura anayekaa juu ya waya siku zote hupata vidonda vya nyayo. Upande mmoja wa nyumba uzibwe kabisa, apate mahali pa kujificha, maana yeye ni mnyama anayewindwa na wengine, na asipoona mahali pa kukimbilia hatatulia.

Pembeni usitumie wavu wa kuku wenye matundu makubwa. Mbwa na nguchiro huurarua, na panya na nyoka hupita. Miguu ya nyumba isimamishe ndani ya vikopo vyenye oili chafu ili siafu wasipande. Siafu wakiingia usiku, asubuhi hutakuta kitu.

Iweke nyumba chini ya kivuli cha mti au cha paa, mahali penye hewa, pasipovuma upepo mkali wala pasipopigwa na mvua. Sungura hustahimili baridi ya Njombe au Lushoto kuliko joto la Tanga. Joto likipita digrii 30 huanza kupata taabu. Ukimwona amejinyosha, anahema upesi, na masikio yake ni ya moto, mhamishe mahali pa baridi mara moja na umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida. Usimtumbukize ndani ya maji. Sungura haogeshwi wakati wo wote. Mshtuko wake waweza kumwua.

5. CHAKULA

Tumbo la sungura halifanani na letu. Ndani yake mna mfuko mkubwa wenye vijidudu vyema vinavyosaga majani. Vijidudu hivi huzoea aina ya chakula polepole. Chakula kikibadilishwa ghafula, vijidudu vyema hufa na vibaya huzidi; tumbo hujaa hewa, na sungura hawezi kutapika wala kucheua. Hii ndiyo sababu tulisema umwombe muuzaji chakula cha zamani. Kifanye hivi:

Siku ya 1 mpaka ya 3: chakula cha zamani tu.
Siku ya 4 na ya 5: robo iwe chakula chako, robo tatu cha zamani.
Siku ya 6 na ya 7: nusu kwa nusu.
Siku ya 8 na ya 9: robo tatu chakula chako.
Siku ya 10: chakula chako peke yake.

Chakula kilicho kikubwa kuliko vyote ni nyasi kavu. Ziwepo mbele yake mchana na usiku. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, nayo husagwa na nyasi ngumu. Asiyepata nyasi meno yake hurefuka mpaka hawezi kula. Umpe pia vijiti vya mforosadi atafune. Majani yake nayo ni chakula chema.

Majani mabichi mpe kidogo kidogo. Kwa mtoto mgeni anza na majani mawili au matatu tu ya aina moja, ungoje siku moja uone kinyesi chake. Kikiwa cha duara na kigumu, ongeza. Majani yanayofaa ni matembele, mchunga, kishona nguo kichanga, majani ya karoti, na nyasi changa. Kabichi mpe kidogo tu, maana huleta hewa tumboni. Karoti yenyewe ina sukari nyingi. Kipande kidogo chatosha. Usimpe mkate, ugali, biskuti wala mahindi. Watoto hudhani wanampendeza, kumbe wanamharibu tumbo.

Majani haya usimpe kamwe: majani ya nyanya na ya viazi mviringo, majani ya mparachichi, kisamvu kibichi, mnanaha, na mnyaa. Yote yana sumu.

Wazee husema umande huwaua sungura. Umande wenyewe si sumu. Hatari ni hii: majani mabichi yenye maji yakilundikwa pamoja au kufungwa ndani ya gunia, hupata joto na kuanza kuoza, nayo hayo huleta tumbo kujaa. Kwa hiyo ukikata majani, yatandaze kivulini yanyauke kidogo, kisha umpe. Yaliyobaki mpaka kesho yatupe kwenye lundo la mboji.

Maji safi yawepo daima, hata akila majani mabichi. Bakuli zito la udongo lafaa, maana hawezi kulipindua. Lioshe kila siku.

Jambo jingine: usiku au alfajiri utamwona sungura akiinama na kula kitu kinachotoka nyuma yake mwenyewe. Usimkataze. Sungura hutoa vinyesi vya aina mbili. Kimoja ni kigumu cha duara. Kingine ni laini, kama kishada kidogo, nacho kina chakula na vitamini ambavyo tumbo halijavichukua. Akizuiliwa kukila hupungukiwa na nguvu.

6. TENGA TUTA MOJA LA SUNGURA

Hapa ndipo mkulima anapoweza kumshinda mtu wa mjini. Tenga tuta moja la matembele na mchunga, mbali na mboga unazonyunyizia dawa. Tuta hilo lisiguswe na dawa ya wadudu wala ya magugu, na bomba la kunyunyizia lisioshwe karibu nalo. Tazama pia upepo unakovuma siku unaponyunyizia mimea mingine. Dozi ambayo mtu mzima hata haioni yaweza kumwua mnyama wa nusu kilo. Waeleze watoto wote wa nyumbani kwamba majani ya sungura hutoka katika tuta hili tu. Wasikate majani ya kando ya barabara, wala mahali mbwa wanapojisaidia, maana mayai ya tegu wa mbwa humwingia sungura.

Nyasi kavu zitengeneze mwenyewe mwisho wa mvua. Kata nyasi zinapoanza kuchanua, kabla hazijakomaza mbegu, maana baada ya hapo huwa ngumu na hazina nguvu. Zitandaze, uzigeuze kila siku mpaka zikauke lakini zibaki na rangi ya kijani. Zihifadhi juu ya kichanja, mahali pasipovuja. Nyasi zenye ukungu usimpe.

Kinyesi chake kusanya kila siku. Ni mbolea yenye nguvu, nacho hakiunguzi mimea kama kinyesi kibichi cha kuku. Kwa migomba na mahindi waweza kukifukia moja kwa moja. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, kitie kwanza katika mboji mpaka kioze. Mkojo nao, ukikingwa kwa bati lililoinamishwa chini ya nyumba, hutumiwa na wakulima wengi. Uuchanganye na maji mengi, nao umwagiwe udongoni.

7. KUMSHIKA

Usimwinue sungura kwa masikio. Ni maumivu makubwa kwake. Weka mkono mmoja chini ya kifua, na mkono wa pili chini ya matako, kisha umlete karibu na mwili wako. Miguu ya nyuma ina nguvu sana. Asiposhikiliwa vizuri hurusha teke hata akavunja mgongo wake mwenyewe. Mtoto mdogo asimbebe akiwa amesimama. Akae chini, na sungura awekwe mapajani pake.

Siku mbili tatu za kwanza asishikwe kabisa. Mwache azoee harufu na sauti za nyumbani. Majirani watakuja kutazama. Watazame kwa mbali. Baada ya hapo mtoto akae karibu na nyumba yake kila jioni, ampe jani kwa mkono. Polepole sungura atamjia mwenyewe.

8. JIKE NA DUME

Sungura hupenda mwenzi, na majike wawili waliozaliwa pamoja hukaa vizuri. Lakini jike na dume watenganishwe kabla hawajatimiza miezi mitatu. Mimba ni siku 31 tu, na jike aliyezaa aweza kushika mimba nyingine siku ile ile. Nyumba iliyoanza na sungura wawili yaweza kujaa kabla ya mwaka kwisha. Kama hujui kuwatambua, mwulize Bwana Mifugo.

9. MAGONJWA

Sungura huficha ugonjwa. Ukiuona, mara nyingi umekwisha kuzidi. Kwa hiyo mtazame kila asubuhi na jioni, na umpime kwa mizani mara moja kwa wiki. Mtoto anayekua lazima aongezeke. Akipungua kuna jambo.

Asipokula wala kunya kwa nusu siku, hiyo ni hatari kubwa. Usingoje kesho, mwite Bwana Mifugo.

Ugonjwa unaoua watoto wengi wa sungura huitwa koksidia. Huletwa na kijidudu kinachokaa katika kinyesi. Mnyama huhara, tumbo huvimba, na mgongo hukonda. Dawa yake ipo, lakini kinga ni usafi: fagia kila siku, osha nyumba kwa maji moto na sabuni kila wiki, ianikwe juani ikauke, na chakula kiwekwe katika hori, kisitandazwe sakafuni. Harufu kali ya mkojo nayo huharibu mapafu.

Upele wa masikio huonekana kama magamba ya kahawia. Usiyabandue, maana yanauma. Bwana Mifugo atatoa dawa.

Tena sikiliza neno hili. Usimpe sungura dawa ya mtu, wala ya kuku, wala ya mbwa kwa kukisia. Vidonge vya penisilini au amoksilini akimeza humwulia vijidudu vyema vya tumboni, naye hufa. Dawa ya viroboto yenye fipronili, ambayo hupakwa mbwa, ni sumu kwake.

10. MWAMBIE MTOTO KWELI

Nyumba nyingi za wakulima hufuga sungura kwa nyama pia, na hapana ubaya. Lakini ukimpa mtoto sungura ukamwambia ni wako, kisha siku ya wageni ukamchinja, umefanya jambo ambalo mtoto hatalisahau, wala hatakuamini tena utakapompa ndama au kuku. Basi amua mapema. Sungura wa mtoto na awe wa mtoto. Wa nyama na wawe katika nyumba nyingine, na mtoto ajue tangu siku ya kwanza kazi yao ni nini.

Wala kazi yote usimwachie yeye. Mtoto aweza kukata majani na kubadilisha maji, lakini mtu mzima lazima ahakikishe kila jioni kabla ya kulala kwamba maji yapo, nyasi zipo, na komeo limefungwa. Shule ikifungua, au mtoto akienda kwa bibi yake, sungura bado ana njaa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Awe ametimiza wiki nane. Aje na chakula chake. Akae kivulini, juu ya miguu, mbali na siafu. Apate nyasi kavu na maji daima. Majani yatoke katika tuta lisilonyunyiziwa dawa. Ashikwe kifuani na matakoni, asishikwe masikio. Asipokula nusu siku, mwite Bwana Mifugo.

Ukiyashika haya kwa siku kumi za kwanza, umevuka mahali ambapo wengi hushindwa. Baada ya hapo kazi ni kuendelea tu, siku kwa siku, kama palizi.